Marekani: Namna mpenda nyota alivyonasa "Povu la Sabuni" angani

Tarehe 6 mwezi wa saba 2008, huko California, Dave Jurasevich alipiga picha ya sehemu moja ya kundi la nyota la Cygnus kwa darubini yenye lensi ya milimita 160 tu. Ndani ya picha, katikati ya gesi iliyotapakaa eneo hilo, kulikuwa duara jepesi sana, lenye mviringo kamili. Hakuna orodha ya wanaanga iliyokuwa na kitu hicho.

Kwa wanaopiga picha za anga, duara la namna hiyo linaleta mashaka kwanza, furaha baadaye. Chembe moja ya vumbi ikikaa mbele ya kamera inaacha alama ya mviringo kwenye picha, na wengi wamedanganyika hivyo. Lakini vumbi halifuati nyota. Duara hilo lilikuwa pia ndani ya picha aliyoipiga tarehe 19 mwezi wa sita 2007, zaidi kidogo ya mwaka mmoja mbele.

Na wakati haukuwa mwingi. Tarehe 17 mwezi wa saba 2008, siku 11 tu baadaye, wapenda nyota wengine wawili wa Marekani, Mel Helm na Keith Quattrocchi, walilipiga picha bila kumtegemea yeye, wakatoa taarifa kwa chama cha kimataifa cha wanaanga. Wataalamu walipofungua picha za zamani za Palomar, wakalikuta humo: miaka 16 mbele lilikuwa na ukubwa uleule na mwangaza uleule. Kila mtu alikuwa amelipita. Mwaka wa 2009 darubini kubwa ya meta 4 ya Kitt Peak, Arizona, ikalipiga picha safi. Leo linaitwa PN G75.5+1.7, ao Ju 1 kwa jina la Jurasevich, lakini watu wengi wanasema tu Povu la Sabuni.

Kitu chenyewe ni nebula ya sayari. Jina hilo linapoteza watu, maana hakuna sayari yoyote humo. Lilitoka kwa watazamaji wa miaka ya 1700, ambao kwa darubini zao waliona viduara vinavyofanana na sayari. Ukweli ni kwamba nyota mfano wa jua letu, ikifika mwisho wa maisha yake, inatupa gesi yake nje, na kiini cha moto kinachobaki kinaiwasha. Baada ya miaka makumi ya maelfu hivi gesi inatawanyika, basi. Katika galaksi yetu zinajulikana zaidi ya 3,000.

Nyingi ni ndogo ajabu. Mwezi unaonekana angani kwa upana wa sekunde za pembe 1,800 hivi. Povu la Sabuni lina kama 260, na nyingine hazifiki hata 10. Kwa hiyo mpiga picha anahitaji darubini inayokuza sana, mashine inayoizungusha polepole kufuata nyota, na usiku ambao hewa imetulia.

Silaha kubwa ni chujio. Nebula hizi hazitoi mwanga wa kila rangi: oksijeni inatoa wa kijani wa nanometa 500.7, hidrojeni mwekundu wa 656.3. Chujio linapitisha rangi hiyo moja na kufunga karibu zote nyingine, hata taa za mji. Kisha inabaki subira. Picha moja inachukua dakika 10, 20 ao zaidi. Zinapigwa makumi, kwa usiku kadhaa, na kompyuta inazipanga moja juu ya nyingine. Ili kupunguza chembechembe za uchafu nusu, picha zinapaswa kuwa mara nne. Hapo ndipo wengi wanachoka.

Matthias Kronberger wa Austria alitumia njia nyingine: kupekua picha za anga zilizokwisha kupigwa. Nebula aliyoipata, Kronberger 61, ilipigwa picha mwaka wa 2011 na darubini ya meta 8 ya Gemini, Hawaii. Kwa sura yake, wakaiita Mpira wa Miguu.

Kutoka Goma ao Bukavu, Cygnus linapita upande wa kaskazini, usiku wa mwezi wa nane. Povu lenyewe halionekani kwa macho.