Uvimbe Uliotafutwa na Uvimbe Uliopatikana

Siku zote nikisema "hadithi hadithi" mnaniitikia "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Leo itikieni nusu, wajukuu zangu. Uongo na ubaki nje, maana mwanamke ninayemsimulia aliishi kweli.

Aliitwa Ruth Bader Ginsburg, mzaliwa wa Brooklyn, New York, mwaka 1933. Alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, ile yenye majaji 9 tu kwa nchi nzima. Umbo lake dogo, sauti yake ya upole. Ukimwona hungedhani bibi huyu alikuwa na mwalimu wa mazoezi na kwamba anapiga pushapu.

Mwaka 1999 alipata saratani ya utumbo mpana. Akatibiwa, akapona. Tangu hapo akawa mtu wa kurudi kupimwa, hata siku ambazo haumwi popote. Mwanzoni mwa 2009 alikwenda hivyohivyo, mzima wa afya, akapigwa CT skani. Picha ikaonyesha kijivimbe cha kama sentimita 1, ukubwa wa punje ya hindi, kwenye kongosho.

Kongosho ni nini? Chukua rula yako ya darasani, ile ya sentimita 30, uigawe nusu. Huo ndio urefu wake, takriban. Limelala kwa ubavu nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo. Linatoa maji ya kusaga chakula na linatengeneza insulini, inayodhibiti sukari kwenye damu. Kazi kubwa, kelele hamna. Na hapo ndipo penye taabu: daktari akikubonyeza tumbo haligusi, na saratani ikianza humo huweza kukua kimyakimya mpaka ihamie kwenye ini.

"Sasa Bibi, kama haliumi, mtu anajuaje?"

Swali zuri, na jibu lake si tamu. Hakuna kipimo cha kumpanga kila mtu foleni akapimwe. Wenye ndugu kadhaa waliougua ugonjwa huu wanaweza kufuatiliwa na madaktari mapema. Sisi wengine tunabaki kuusikiliza mwili: macho kugeuka manjano, mkojo kukolea kama chai ya rangi, choo kupauka, kukonda bila sababu, maumivu ya tumbo yanayopenya mpaka mgongoni, au mtu mzima kuzuka na kisukari ghafla. Huku kwetu macho yakiwa manjano jirani anasema "hiyo nyongo tu," na mgonjwa anakunywa mizizi mwezi mzima. Pengine ni nyongo kweli. Lakini mwezi ule haurudi. Na mwenye sigara aizime, maana nayo inauchochea ugonjwa huu.

Turudi kwa jaji wetu. Februari 5, 2009 alipasuliwa New York, akatolewa sehemu ya kongosho pamoja na bandama. Sasa sikilizeni vizuri. Kipande kilipochunguzwa maabara, kile kijivimbe cha kwenye picha hakikuwa na ubaya wowote! Saratani ilikuwa kwenye kingine, kidogo zaidi, ambacho skani haikukiona kabisa. Walimfuata mwizi wa kusingiziwa, wakamkuta wa kweli amejificha palepale, kabla hajatoka kwenda popote.

Kabla mwezi haujaisha alikuwa amerudi kitini. Februari 24 akaenda Bungeni kumsikiliza Rais Obama, watu waone kwamba mahakama ile ina mwanamke, na kwamba yu hai. Kulikuwa na seneta aliyekuwa ametangaza kwamba hatafika mbali, miezi michache tu. Miaka kumi baadaye bibi huyu alisema seneta yule, ambaye jina lake amelisahau, amekwisha kufa, na yeye bado yupo. (Mimi ningelitaja jina, lakini mimi sina adabu za jaji.)

Miaka ile aliitumia. Mwaka 2016 alipanda jukwaani usiku mmoja Washington, akaigiza katika opera. Mwaka 2018 alianguka ofisini akavunjika mbavu tatu. Vipimo vya mbavu vikafichua saratani kwenye pafu, ikakatwa. Ndipo Januari 2019, kwa mara ya kwanza katika miaka 25, akakosa kikao cha kusikiliza kesi.

Mwaka huohuo kongosho lilidai tena. Akachomwa kwa mionzi wiki tatu. Mei 2020, akiwa kitandani hospitalini, alisikiliza kesi kwa simu. Septemba 18, 2020 saratani ya kongosho, iliyokuwa imesambaa, ikamchukua akiwa na miaka 87.

Wewe uliyeuliza swali, una miaka 11, sivyo? Basi mtoto aliyezaliwa siku ile jaji anapasuliwa alikuwa na umri kama wako siku jaji anafariki.