Matofali Mabichi: Chumba Kimoja Kabla ya Mvua

Mwezi huu ukurasa wa familia tumeupa kazi ya matofali, maana kiangazi ndicho hiki na kila kijiji hapa Nyarugusu unakuta watu wamejaa udongo mpaka magotini. Sisi walimu wa kujitolea tunaiona kazi hiyo hata darasani, viti viko wazi. Watoto wako shimoni wanakanyaga udongo. Mzazi ambaye ukuta wake ulianguka mvua iliyopita hatuwezi kumlaumu. Ila kuna nyumba zinajengwa upya kila mwaka kwa sababu hazikuanza vizuri, na anayekosa masomo kila mwaka ni mtoto yule yule.

Tuanze na hesabu. Kipimo cha mashirika ya misaada ni angalau mita 3.5 za mraba chini ya paa kwa kila mtu. Familia ya watu 6 inahitaji mita 21, yaani nyumba ya mita 3 kwa 7. Chukua kibao cha kufyatulia chenye urefu wa sentimita 30, upana 20 na kimo 12. Kuta zikiwa na kimo cha mita 2.2, pamoja na ukuta mmoja wa katikati, yanahitajika matofali kama 1,050. Mengine yatavunjika, kwa hiyo fyatua 1,150.

Sasa maji. Tofali la ukubwa huo linakunywa lita 2 hivi. Hapo ni lita 2,300, yaani madumu 115 ya lita 20, na bado hujakoroga udongo wa kujengea wala wa lipu. Familia ya watu 6 ikipata lita 20 kwa mtu kwa siku, ni madumu 6. Kwa hiyo matofali yanataka maji ya siku 19 bila kupika, bila kufua, bila kuoga. Ndiyo maana bombani kuna ugomvi kila asubuhi! Mtu anapanga madumu kumi ya matofali mbele ya mama mwenye mtoto anayeharisha, halafu anashangaa akitukanwa.

Dawa yake ni kuanza mapema, mvua za mwisho za mwezi wa nne na wa tano zikiwa bado zinadondoka. Chimba udongo ukiwa na unyevu, mwagia jioni, funika kwa majani ulale hivyo, asubuhi ukanyage. Udongo uliolala na maji unahitaji maji kidogo kuliko ule mkavu unaolazimishwa siku hiyo hiyo. Maji ya kusuuzia nguo pia yanafaa, msiyamwage.

Udongo wenyewe usiwe ule mweusi wa juu wenye mizizi, huo waachieni mboga. Finyanga donge kama chungwa, liache likauke kabisa. Likipasuka nyufa kubwa, udongo una mfinyanzi mwingi, ongeza mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Likisagika mkononi, mchanga umezidi. Matofali yakitoka kibaoni yafunikwe nyasi siku za kwanza, maana jua kali linayapasua. Baada ya siku tatu au nne yasimamishwe kwa ubavu, yakae wiki tatu mpaka nne. Kujua kama yameiva, laza tofali moja juu ya mawili, kama daraja, mtu mzima alipande polepole. Likivunjika, mengine yaliyofyatuliwa siku hiyo yasubiri. Fundi mwenye haraka hapendi kipimo hiki, na sisi ndiyo maana tunakipenda.

Jambo linalotunyima usingizi ni mashimo. Matofali 1,150 yanakula zaidi ya mita 8 za ujazo za udongo. Shimo linaachwa wazi nyuma ya nyumba, mvua inalijaza, mbu wanazaana humo, na mtoto wa miaka miwili anakwenda kuangalia chura. Hatutaki kuandika zaidi ya hapo. Tunachoomba ni hiki: udongo wa kwanza utoke kwenye shimo la choo, ambalo lingechimbwa hata hivyo, angalau mita 6 kutoka nyumbani. Choo cha mita 1 kwa 1 chenye kina cha mita 3 kinatoa mita 3 za ujazo. Mwingine utoke unaposawazisha kiwanja na kuchimba mfereji. Unaobaki, majirani waelewane na mwenyekiti wa kijiji wachimbe shimo moja la pamoja, lizungushiwe miiba, na kazi ikiisha lijazwe takataka zinazooza na kupandwa migomba.

Pembe za nyumba zikienda upande, paa halitakaa. Hapa mtoto wa shule anaweza kumfundisha baba yake. Chukua kamba, pima mita 3 upande mmoja wa pembe na mita 4 upande wa pili. Kutoka alama hadi alama ikiwa mita 5 kamili, pembe imenyooka. Hesabu ile ile ya ubaoni, na kumbe ina kazi.

Nyumba ya udongo inakufa kwa miguu. Maji yanapiga chini, tofali linalainika, ukuta unakaa chini kama mtu aliyechoka. Mawe yakipatikana, msingi uwe wa mawe mpaka sentimita 30 juu ya ardhi. Yakikosekana, inua sakafu, shindilia kibaraza kuzunguka nyumba, na mfereji upite upande wa mlimani. Nguzo za miti zichomwe kidogo sehemu inayoingia ardhini, mchwa watachelewa. Miti yenyewe uliza kwanza unaruhusiwa kukata wapi. Na mama na dada zetu wanaofuata nyasi za kuezekea, twendeni kwa kundi, turudi jua likiwa juu. Sababu mnazijua.

Paa ndilo linalokata watu tamaa. Shitingi ya UNHCR ni mita 4 kwa 5, mita 20 za mraba. Nyumba yetu ya 3 kwa 7, paa likitoka sentimita 60 nje ya kuta pande zote na kuinuka vizuri ili nyasi zimwage maji, inataka karibu mita 49. Ni shitingi mbili na nusu, bado za kupandiana. Na mwenye moja iliyotoboka afanye nini? Wengi wanafupisha paa mpaka liishe pale pale ukutani. Hapo ndipo nyumba inapotea, kwa sababu mvua inateremka ukutani moja kwa moja.

Sisi tunasema fupisheni nyumba, paa liacheni refu. Jenga chumba kimoja cha mita 3 kwa 3.5, ukiezeke kikamilifu, shitingi chini na nyasi juu yake, maana nyasi zinaikinga na jua. Kwenye kuta mbili ndefu acha meno ya matofali, ili kiangazi kijacho chumba cha pili kishikane hapo. Tutabanana, ndiyo. Lakini familia iliyobanana pakavu inalala.

Tumeona pia mama akiuza unga wa posho kumlipa fundi, fundi akapandisha kuta mpaka dirishani halafu akahamia kazi nyingine na pesa yote. Lipeni kwa hatua: msingi, kuta, paa, mbele ya jirani, hata kama fundi ni mtu wa ukoo. Wajane, wazee na wenye ulemavu wajiandikishe mapema kwa mwenyekiti, wasingoje mawingu. Majibu yanachelewa, tunajua, na kuna waliongoja mpaka mvua ikawakuta.

Wengine wanatuuliza: kwa nini kuhangaika hivi na nyumba isiyo yetu? Waliotoka Lugufu wanalo neno. Kambi ile ilipofungwa mwaka 2009 waliletwa hapa, na kuta zao zilibaki kule. Swali ni la haki. Jibu letu ni la kifundi tu: kwenye udongo tia jasho, pesa itie kwenye vitu vinavyobebeka. Fremu ya mlango isizikwe ukutani. Jenga vipande vya mti ndani ya ukuta, vitatu kila upande, kisha fremu ipigiliwe misumari juu ya vipande hivyo. Siku ya kuhama, unang'oa misumari sita, unafunga mlango na fremu yake kwa kamba, unaondoka navyo.