Mhamiaji Maalumu: Ombi Kukubaliwa Si Kupewa Ukaazi

Sheria ya uhamiaji ya Marekani imewatengea watu wachache njia ya pekee ya kuomba ukaazi wa kudumu, ambao wengi huujua kwa kadi yake ya kijani. Watu hao huitwa wahamiaji maalumu. Miongoni mwao wamo wachungaji, maimamu na watumishi wengine wa dini. Watoto waliodhulumiwa au kutelekezwa na wazazi. Pamoja na baadhi ya Wairaki na Waafghani waliofanya kazi na jeshi au serikali ya Marekani. Katika sura hii tunaeleza makundi mawili ya kwanza, na namna ya kujilinda dhidi ya wanaouza matumaini kwa fedha.

Hatua mbili, na foleni katikati

Hatua ya kwanza ni Fomu I-360, inayopelekwa kwa Idara ya Uraia na Uhamiaji, yaani USCIS. Fomu hiyo huthibitisha jambo moja tu: kwamba mhusika yumo katika kundi la wahamiaji maalumu. Ikikubaliwa, haimpi kibali cha kukaa wala haiongezi muda wa visa aliyo nayo. Hatua ya pili, kwa aliye ndani ya Marekani, ni Fomu I-485, ambayo ndiyo maombi yenyewe ya ukaazi.

Kati ya hatua hizo mbili kuna foleni. Makundi haya mawili, pamoja na mengine kadhaa, hugawana visa zinazokaribia 10,000 kwa mwaka, wakihesabiwa humo pia wake, waume na watoto wanaofuatana na waombaji. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Oktoba. Katika mwaka wa fedha wa 2025, visa hizo zilikwisha hata kabla ya nusu ya mwaka kutimia. Nafasi ya kila mtu hufuata tarehe ambayo Fomu I-360 yake ilipokewa. Wizara ya Mambo ya Nje hutangaza kila mwezi ni tarehe zipi zimefikiwa, na tangazo hilo husomwa bure. Kwa hiyo, anayekuahidi kukurusha foleni kwa malipo anakuuzia kitu asichokuwa nacho.

Mtumishi wa dini

Mtumishi wa dini hutakiwa awe muumini wa dhehebu lake kwa angalau miaka miwili kabla ya ombi, na awe ameifanya kazi ya dini mfululizo kwa muda huohuo. Kazi anayoitiwa Marekani lazima iwe ya kutwa, wastani wa saa 35 au zaidi kwa wiki, na yenye ujira. Kanisa, msikiti au taasisi inayomwita lazima iwe haiendeshwi kwa faida, na maofisa wa USCIS wanaweza kuitembelea ili kuhakiki.

Tuchukue mfano wa mwinjilisti aliyeingia kwa visa ya muda ya watumishi wa dini, ambayo ukomo wake ni miaka mitano. Akisubiri hadi mwaka wa tano ndipo apeleke Fomu I-360, huenda muda wake ukaisha angali kwenye foleni, japokuwa ombi limekubaliwa. Tunamshauri aanze mapema.

Mtoto aliyetelekezwa

Kwa mtoto, safari huanza mahakamani. Mahakama ya jimbo yenye mamlaka juu ya watoto lazima kwanza itoe amri yenye mambo matatu: kwamba mtoto yuko chini ya uangalizi wa mahakama, au wa mtu au taasisi iliyoteuliwa nayo, kwamba hawezi kurudishwa kwa mzazi mmoja au wote wawili kwa sababu ya kudhulumiwa, kutotunzwa au kutelekezwa, na kwamba kurejeshwa katika nchi yake si kwa manufaa yake. Fomu I-360 lazima ifike kabla hajatimiza miaka 21, akiwa ndani ya Marekani na hajaoa wala kuolewa. Katika majimbo mengi, mamlaka ya mahakama hizo hukoma mtoto atimizapo miaka 18. Kwa hiyo mlezi asihesabu miaka 21 peke yake. Ajue pia kwamba mtoto apataye ukaazi kwa njia hii hataweza kamwe kuwaombea wazazi wake waliomzaa.

Nani aruhusiwa kukushauri

Kenya na Tanzania, anayethibitisha nyaraka na viapo kwa kawaida ni wakili. Marekani sivyo: mwenye muhuri huo huthibitisha saini tu, na hana ruhusa ya kutoa ushauri wa sheria. Wanaoruhusiwa ni wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria anayefanya kazi katika shirika linalotambuliwa na wizara hiyo. Baadhi ya mashirika hayo hutoza kidogo au hayatozi kabisa.

Kabla ya kulipa, hakikisha haya:

1. Fomu ni bure katika tovuti ya USCIS. Ada hubadilika, hivyo isome hapohapo siku unayopeleka.
2. Dai mkataba wa maandishi, na risiti kwa kila malipo.
3. Usitie saini fomu tupu, wala yenye maelezo usiyoyaelewa au yasiyo ya kweli.
4. Usimwachie mtu hati zako halisi, mpe nakala.
5. Cheti cha Kiswahili kiambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, na tamko la mfasiri kwamba anazimudu lugha zote mbili.

Ukitapeliwa, usinyamaze kwa aibu. Toa taarifa kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho au kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo lako. Kisha mwone wakili haraka, kwa maana fomu iliyojazwa uongo kwa jina lako yaweza kukudhuru wewe kuliko aliyeijaza.