Miezi ya Kwanza ya Homoni: Anachopaswa Kujua Anayebadili Jinsia

Agosti 2025, Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Eldoret aliamua kwamba mwanamke aliyebadili jinsia, aliyekamatwa mwaka 2019 na kupimwa mwili bila ridhaa yake, alipwe fidia ya shilingi milioni moja. Aliitaka pia serikali iweke sheria ya kuwalinda watu waliobadili jinsia. Eldoret ni kilomita zipatazo 70 tu kutoka Kitale, na Bungoma nayo ni jirani, kwa hiyo hiyo ni habari ya karibu kwa watu wa Trans Nzoia na Bungoma.

Lakini kuna swali ambalo si kazi ya mahakama kulijibu: mwili hupitia nini hasa mtu anapoanza kutumia homoni? Mitaani hujibiwa kwa uvumi. Huyu anasema mtu hubadilika kwa wiki mbili, yule anasema homoni ni sumu. Wote wamekosea, na makosa hayo yanaweza kumgharimu mtu maisha.

Kubalehe kwa mara ya pili

Kila mwili, uwe wa kike au wa kiume, una estrojeni na testosteroni. Kinachotofautiana ni kiasi. Seli za ngozi, misuli, matiti na zoloto zina vipokezi vya homoni hizo, na homoni ikishika kipokezi chake, baadhi ya jeni huanza kazi na nyingine hutulia. Vipokezi hivyo vimo ndani ya kila mmoja wetu. Ndiyo maana mtu mzima anayeanza homoni hupitia tena mambo ya kubalehe, na kwa mwendo uleule wa kubalehe. Huko Bungoma, ambako vijana wa Kibukusu hutahiriwa Agosti ya kila mwaka wa shufwa, hakuna mzazi asiyejua kwamba mwili wa kijana hukomaa kwa miaka, si kwa siku.

Mwanamke aliyezaliwa na mwili wa kiume hupewa estradioli, ama kwa tembe, ama kwa kiraka cha kubandika, ama kwa sindano. Mara nyingi huongezewa dawa ya kuzuia testosteroni kama spironolaktoni, ambayo pia hutibu shinikizo la damu na moyo uliochoka. Katika miezi mitatu ya kwanza hamu ya tendo la ndoa hushuka. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita ngozi hulainika, mafuta huanza kuhamia nyongani na mapajani, na chini ya chuchu huota kifundo kidogo kigumu. Kifundo hicho huuma: mkanda wa matatu ukipita kifuani, au bodaboda ikiruka tuta, mtu hushtuka. Maumivu hayo ni ya kawaida, kwa kuwa ndivyo titi linavyoanza kukua, na huchukua miaka miwili au mitatu kufikia ukubwa wake. Sauti haibadiliki kwa estrojeni, bali kwa mazoezi. Ndevu nazo haziishi, hupunguza kasi tu.

Mwanamume aliyezaliwa na mwili wa kike hupewa testosteroni, aghalabu sindano ya wiki moja au mbili iliyochanganywa na mafuta. Mafuta hayo ni mazito, kwa hiyo mhudumu huyasukuma polepole ndani ya msuli wa paja au tako, na safari ijayo hubadilisha upande. Siku chache baada ya sindano kiwango hupanda; siku za mwisho hushuka, na wengine huhisi uchovu au hasira za karibu. Hilo likizidi, daktari anaweza kuigawa dozi iwe ndogo na ya kila wiki. Chunusi hutangulia. Hedhi kwa kawaida hukoma ndani ya miezi sita. Nyuzi za sauti hunenepa, koo hukwaruza, sauti hupasuka katikati ya neno, kisha hutulia chini. Ndevu kamili zinaweza kuchukua miaka minne au mitano.

Mambo mengine hayarudi nyuma hata dawa ikiachwa: sauti iliyoshuka, ndevu zilizoota, matiti yaliyokua. Uwezo wa kuzaa nao unaweza kupungua au hata kutoweka, kwa hiyo anayetamani watoto aseme kabla ya dozi ya kwanza. Hata hivyo testosteroni si njia ya kupanga uzazi. Mimba inaweza kuingia hata hedhi ikiwa imekoma, na dawa hiyo humdhuru mtoto aliye tumboni.

Hatari iliyo karibu zaidi

Asiyempata daktari wa kumsikiliza hukimbilia duka la dawa na kununua tembe za kupanga uzazi, kisha humeza nyingi kwa siku akidhani anaharakisha mambo. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Tembe nyingi za aina hiyo zina ethinilestradioli, estrojeni ya kutengenezwa ambayo ini hushindwa kuivunja upesi. Ini huchochewa kutoa protini nyingi za kugandisha damu. Madaktari wa Amsterdam waliowahudumia mamia ya watu waliobadili jinsia waliona damu ikiganda mishipani kwa wagonjwa wao, wakaiacha dawa hiyo na kuhamia estradioli ya kawaida. Kuzidisha dozi hakuongezi kasi ya mabadiliko. Huongeza hatari tu.

Hatari hupanda zaidi kwa mvutaji sigara na kwa mwenye ugonjwa wa selimundu, unaopatikana sana magharibi mwa Kenya. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla na kifua kubana, nenda hospitali saa hiyohiyo na utaje dawa unazotumia.

Kipimo ndicho kinga

Testosteroni huongeza chembe nyekundu za damu, na zikizidi damu huwa nzito. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na wakazi wa nyanda za juu tayari huwa na chembe hizo nyingi kidogo kuliko watu wa Pwani, kwa hiyo huko kipimo cha chembe hizo hakifai kurukwa. Spironolaktoni nayo inaweza kupandisha potasiamu mwilini, jambo linaloweza kuvuruga mapigo ya moyo, hivyo figo na madini hupimwa. Katika mwaka wa kwanza vipimo hufanywa takriban kila miezi mitatu, baadaye mara moja au mbili kwa mwaka. Picha ya damu, figo, ini na shinikizo la damu ni vipimo vya kawaida.

Anayetumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi asiziache kwa kuogopa kwamba zitagombana na homoni. Dolutegraviri, iliyo ndani ya tembe inayotumiwa na wengi nchini, haijaonekana kuidhuru estradioli.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya mtu kujihisi wa jinsia tofauti na ya mwili aliozaliwa nao kwenye orodha ya magonjwa ya akili na kuiweka katika sura ya hali zinazohusu afya ya kijinsia. Ibara ya 43 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, bila kumbagua mwana wa Trans Nzoia wala wa Bungoma. Kwa hiyo, ndugu mhudumu wa afya, mtu wa namna hii akikujia usimfukuze wala kuwaita wenzako waje kumtazama. Mpime shinikizo, mtoe damu kwa ridhaa yake, andika dawa anazomeza, na tunza siri yake. Nawe unayeanza, usimeze dawa ya mwingine, usizidishe dozi, na usikubali kuendelea mwaka mzima bila kupimwa. Homoni zikisimamiwa vizuri, watu wengi huzitumia kwa miaka mingi wakiwa salama.