Vifaa vya kupandia barafu

Vifaa vya kupandia barafu ni zana, viatu na mavazi yanayomwezesha mtu kupita penye barafu ya mlimani bila kuteleza wala kudhuriwa na baridi. Katika Afrika ya Mashariki barafu ya kudumu inapatikana kwenye milima mitatu tu: Kilimanjaro (mita 5,895), Mlima Kenya (mita 5,199) na Ruwenzori (mita 5,109).

Wakazi wa Dar es Salaam wanaokwenda Kilimanjaro hutoka kwenye joto la pwani na kufika mahali ambapo halijoto ya usiku hushuka chini ya sifuri. Kwa kuwa vifaa vipya ni ghali, wengi hutafuta mitumba. Kwa hiyo ni muhimu kujua kifaa kipi kinaweza kununuliwa kikiwa kimetumika na kipi hakifai.

Historia

Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipopanda Kilimanjaro, Purtscheller alilazimika kuchonga ngazi kwenye barafu kwa shoka. Tarehe 3 Oktoba kazi hiyo ilichukua muda mrefu hata wakarudi chini. Walifika kileleni tarehe 6 Oktoba.

Mwaka 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili, wafungwa wa vita kutoka Italia, walitoroka kambi ya Nanyuki ili kupanda Mlima Kenya. Mashoka yao ya barafu na vyuma vya viatuni walivitengeneza kwa siri kutokana na nyundo na vyuma chakavu. Wawili kati yao walifika ncha ya Lenana.

Kwenye mlima huohuo, mwaka 1973 Phil Snyder na Mkenya Thumbi Mathenge walikuwa wa kwanza kupanda njia ya barafu iitwayo Diamond Couloir.

Zana za barafu

Zana kuu ni hizi:

- Kramponi: vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya viatu. Vinahitaji viatu vyenye soli ngumu, kwa sababu soli laini hujikunja na kramponi huchomoka.
- Shoka la barafu: hutumika kujishikilia, na kujizuia mtu anapoteleza.
- Kamba, mikanda ya mwili na skrubu za barafu: humzuia anayeanguka asifike mbali.
- Helmeti: hukinga kichwa dhidi ya mawe na vipande vya barafu. Januari 2006 wapandaji watatu Wamarekani waliuawa na mawe yaliyoporomoka kwenye njia ya Western Breach, Kilimanjaro.

Si kila msafiri anazihitaji. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na njia za kawaida kama Marangu na Machame kwa kawaida hupandwa kwa miguu bila kamba wala shoka. Zana hizo ni za wale wanaopanda barafu yenyewe, ambao wanatakiwa kuwa na mafunzo na mwongozaji anayeijua njia. Ila mavazi ya baridi ni ya lazima kwa kila mpandaji.

Kununua mitumba

Mavazi mengi ya baridi yanaweza kupatikana katika masoko ya mitumba kama Tandika (Temeke), Karume (Ilala) na Mwenge (Kinondoni). Nguo ya ndani iwe ya sufu au ya nyuzi za kutengenezwa. Pamba haifai, kwa sababu hushika jasho, hukauka polepole na kumpoza mvaaji. Juu yake huvaliwa nguo nene ya joto, kisha koti lisilopitisha maji wala upepo. Kabla ya kununua, zipu ijaribiwe na mishono ikaguliwe.

Viatu vya mtumba vinahitaji uangalifu zaidi. Gundi na soli huzeeka hata kama kiatu hakijavaliwa, hivyo kikunjwe kwa nguvu ili kuona kama soli inapasuka au kuachia. Kijaribiwe pamoja na soksi nene zitakazovaliwa mlimani, kisha kivaliwe kwa wiki kadhaa, pamoja na kushuka ngazi. Vidole vikigonga mbele wakati wa kushuka, kiatu ni kidogo.

Kamba, mikanda ya mwili na helmeti zisinunuliwe mtumba ikiwa historia yake haijulikani. Nailoni hudhoofishwa na jua na kemikali bila kuonyesha dalili, na helmeti iliyokwisha kugongwa inaweza kuwa na ufa usioonekana. Vifaa hivyo viwe na alama ya usalama, kwa mfano ya UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima.

Makoti mazito na mifuko ya kulalia yanaweza pia kukodishwa Moshi au Arusha. Zana za barafu ni adimu zaidi, hivyo ziulizwe kabla ya safari.

Kufungasha

Mzigo hugawanywa sehemu mbili. Begi kubwa hubebwa na mpagazi, na uzito wake unadhibitiwa, hivyo kila kisichohitajika kibaki nyumbani. Begi dogo hubebwa na msafiri mwenyewe, likiwa na koti la mvua, nguo ya joto, glavu, maji, chakula, miwani ya jua na taa ya kichwani.

Meno ya kramponi hufunikwa ili yasitoboe nguo. Kwenye ndege, shoka na kramponi huwekwa katika mizigo inayokabidhiwa, si mkononi.

Nguo kavu na mfuko wa kulalia hukingwa na mvua kwa mifuko ya kitambaa kisichopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Chupa za plastiki za kutumika mara moja nazo haziruhusiwi katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro.

Usiku wa kuelekea kileleni, chupa ya maji huwekwa kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu na mdomo wa chupa hubaki wazi. Betri hutunzwa ndani ya nguo karibu na mwili, maana baridi huzipunguzia nguvu.