Mkataba Uishi Kuliko Mkurugenzi

Uwanja wa ndege wa Muscat, ulioko Sib, umeona mashirika ya ndege yakiungana na kuachana. Mwaka 1974 Oman iliingia ubia wa shirika la Gulf Air pamoja na Bahrain, Qatar na Abu Dhabi; mwaka 2007 ikajitoa, ikaiimarisha Oman Air. Wakubwa hubadilika, lakini zamu za usiku na akiba ya uzeeni hubaki kuwa hoja ya mfanyakazi. Ndiyo maana vyama vya wafanyakazi, vilivyoruhusiwa Oman mwaka 2006, vinapaswa kudai mkataba unaomfunga kila mkurugenzi ajaye. Wapo wasemao masharti ya mkataba kama huo hulemaza shirika lenye hasara. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tazama yaliyotokea Kenya: Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, wakidai, pamoja na mambo mengine, michango ya akiba ya uzeeni iliyositishwa, na abiria wakakwama. Kunyamazisha madai hakufuti deni.