Kadi ya Chakula ya Mwezi: Ina Faida Gani kwa Mfanyakazi?



Wenzetu wengi wanaokaa Rwezamenyo, wa Kabuguru na majirani zao wa Nyamirambo, wametuuliza habari ya kulipia chakula kwa mwezi. Mwenye hoteli humwambia mfanyakazi: lipa leo mwezi mzima, nitakupa kadi, kila ukija kula naitia alama, na bei nitakupunguzia. Wengine huiita abonema. Wanachotaka kujua ni hiki: kwa mtu wa mshahara mdogo, je, kadi hii inaokoa pesa au inakula pesa? Tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu, kwa sababu ukiondoa kodi ya nyumba, hakuna kinachoumega mshahara wa mfanyakazi kama chakula.

Chakula cha mchana katika hoteli zetu za Kigali ni melanji. Masufuria hupangwa mezani, nawe unajipakulia: wali, ndizi, viazi, kawunga, maharage, isombe, dodo na mchuzi. Kanuni yake kila mtu anaijua. Unapakua mara moja tu, hurudi tena mezani, na kipande cha nyama ni kimoja. Ndiyo sababu mgeni akiingia saa saba mchana hushangaa kuona sahani zimejengwa kama mlima wa Kigali. Kwa hiyo unaponunua kadi ya mwezi, unanunua haki ya kupita mbele ya masufuria yale mara kadhaa. Thamani yake inategemea utapita mara ngapi kwa kweli.

Tupige hesabu. Bei zinatofautiana hoteli na hoteli, na hizi tunazotaja ni za mfano tu. Kila mmoja aweke zake. Tuseme sahani moja ni faranga 1,500 ukilipa mkononi. Mwenye hoteli anakupa kadi ya mwezi, sahani 26, yaani siku zote isipokuwa Jumapili, kwa faranga 33,800. Kila sahani imeshuka hadi faranga 1,300. Ukila zote 26 umeokoa faranga 5,200, na hilo si jambo dogo. Lakini ukila sahani 22 tu, ungelipa mkononi faranga 33,000, kwa hiyo kadi imekula faranga zako 800. Ukila 20, sahani ile ya 1,300 imekugharimu 1,690 hasa, ghali kuliko ya mpita njia asiyejulikana. Kwa bei hizi faida huanza kwenye sahani ya 23. Namna ya kuipata namba hiyo ni rahisi: gawanya bei ya kadi kwa bei ya sahani moja ya kulipa mkononi. Kabla ya kutoa pesa, iandike namba hiyo kwenye karatasi uitazame.

Kisha chukua kalenda, uzifute siku ambazo hutakula pale. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, na milango haifunguliwi mpaka asubuhi iishe. Zipo sikukuu za serikali, siku ya kwenda kijijini kumwona mama, na siku ambayo mwenzako kazini ana harusi au msiba. Nyumbani nako wakati mwingine kunabaki chakula cha jana ambacho haifai kukitupa. Weka na siku moja ya ugonjwa, maana mwili wa mfanyakazi hauna mkataba. Wengi wakifanya hivi huona wamebakiwa na siku 21 au 22, nao walikuwa tayari kulipia 26. Mwenye hoteli hesabu hii anaijua vizuri, na sehemu ya faida yake iko katika sahani zile usizokuja kuzila. Hatumlaumu, ni biashara yake. Lakini wewe nawe fanya yako.

Hali hii haiko kwetu peke yetu. Huko Florida, Marekani, kuna bustani kubwa sana ya michezo iitwayo Walt Disney World, ambako familia hulala katika hoteli za bustani na kulipia milo yao kabla. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona, ukarudishwa Januari 2024. Milo ambayo mgeni hakuila hufa usiku wa manane wa siku anayoondoka, na wala harudishiwi pesa. Basi siku ya mwisho watu huzunguka madukani wakimalizia haki zao kwa peremende na biskuti wasizozihitaji. Wale wako likizoni, wana pesa ya kuchezea. Sisi tukipoteza sahani tano tumepoteza mchana wa siku tano.

Hapo ndipo penye jambo kubwa ambalo wengi hawaliulizi. Kuna kadi za namna mbili, na zinafanana kwa sura. Ya kwanza ni kadi ya siku: kila siku ina mraba wake, na siku ikipita bila wewe kuja, mraba umekwenda. Ya pili ni kadi ya sahani: umenunua sahani kadhaa, nazo zinakungoja mpaka uzimalize, iwe wiki mbili au wiki tano. Kadi ya sahani 10 kwa faranga 14,000, ukilinganisha na bei ile ya 1,500, inakuokolea faranga 1,000 tu, lakini hiyo 1,000 ni ya hakika, ukiugua usiugue, ukisafiri usisafiri. Kadi ya siku inaahidi punguzo kubwa na hatari yote inakuwa juu yako. Kwa maoni yetu, mfanyakazi wa zamu, au kibarua ambaye hajui kesho ataitwa au hataitwa, asinunue kadi ya siku hata kama bei yake inavutia. Kadi hiyo inamfaa mtu wa ratiba moja, asiye na jiko nyumbani, ambaye kazi yake iko hatua chache tu kutoka hoteli.

Na hatua chache hizo zina maana yake. Zamani wafanyakazi wengi wa viwanda walikuwa Gikondo. Siku hizi viwanda vingi vya bonde lile vimehamishiwa Masoro, upande wa pili wa jiji. Mtu anayelala Rwezamenyo na kufanya kazi Masoro hawezi kurudi nyumbani saa ya chakula. Kadi ya mchana ya hoteli ya mtaani kwake haina kazi isipokuwa Jumamosi. Huyo aulize habari ya chakula cha jioni, au atafute kadi huko huko kazini. Tunalisema jambo hili la wazi kwa sababu tumeona watu wakilipa kadi kwa kuwa mwenye hoteli ni jirani mwema, ama ni mtu wa msikiti mmoja.

Tukitaja msikiti, wenzetu Waislamu ni wengi katika mtaa huu, na Ramadhani kila mwaka hutangulia siku kumi au kumi na moja kuliko mwaka uliopita. Aliyelipia mchana wa mwezi mzima na mwandamo ukaangukia katikati, hupoteza nusu ya kadi. Dawa yake ni kupatana mapema: ama kadi isimame mpaka Idi, ama sahani za mchana zigeuzwe futari. Wenye hoteli wengi ni Waislamu wenyewe na watakubali, lakini wakubali kabla hujalipa. Ukishalipa, unakuwa unaomba hisani.

Na kwa nini tusipatane nao? Mfanyakazi anayelipa tarehe 1 chakula atakachokula tarehe 28, amemkopesha mwenye hoteli. Kwa pesa hizo ananunua gunia la maharage kwa bei ya jumla, ananunua makaa, analipa kodi ya jengo. Punguzo analokupa ni malipo ya mkopo huo, kwa hiyo usilipokee kama zawadi. Na mkopeshaji yeyote huuliza: mkopaji akianguka itakuwaje? Hoteli hubadilisha wenyewe, na jiko likizimwa kadi yako ni karatasi. Machi 2020 serikali ilipofunga shughuli kwa sababu ya korona, hoteli hazikuruhusiwa kukalisha wateja, na aliyekuwa amelipa mwezi mzima alibaki na kadi mkononi. Kwa hiyo gawanya hatari: lipa wiki mbili mbili, hata kama punguzo ni dogo kidogo. Lipa kwa simu, maana ujumbe wa malipo unabaki kuwa ushahidi. Nyuma ya kadi mwandikiane mambo machache: sahani ngapi, mpaka lini, nyama imo au haimo, siku hoteli ikifungwa inahesabiwaje, na kama ndugu yako au mwenzako wa chumba anaweza kuila sahani yako usipokuwepo. Hili la mwisho peke yake linaweza kuokoa kadi nzima. Watu wawili wa zamu mbalimbali wakishirikiana kadi moja ya siku, mraba hautapita mtupu.

Sasa tuseme kidogo juu ya sahani yenyewe. Kwa kuwa unapakua mara moja tu, mwenye hoteli huweka mbele vyakula vya bei ndogo vinavyojaza, na mwisho wa meza ndipo penye mboga na nyama. Mtu mwenye njaa hufika huko sahani imekwisha jaa wali na viazi. Pita kwanza kwa macho, kisha anza na maharage na majani, halafu wali au kawunga. Maharage pamoja na kawunga au wali hujenga mwili karibu sawa na nyama, na ndivyo walivyoishi wazee wetu. Dodo na isombe huongeza damu pamoja na maharage, hasa kwa wanawake. Lakini kunywa chai papo hapo juu ya chakula hupunguza ile chuma ambayo mwili ungeipata, hata kama chai ni ile tunayoichuma wenyewe katika mashamba ya milimani. Ingoje saa moja hivi.

Mpaka hapa tumesema juu ya hoteli ya mtaani, ambako mfanyakazi ana hiari. Mambo hubadilika pale kadi inapotolewa na mwajiri mwenyewe, na pesa zikakatwa katika mshahara. Chakula cha kiwandani kinaweza kuwa jambo jema sana: hakuna kutembea juani, hakuna kupanga foleni, na mwajiri akichangia, bei hushuka kuliko ya mtaani. Tatizo huja pale mshahara unapokatwa kwa siku zote, hata za likizo na za ugonjwa, au pale zamu ya usiku inapopewa mabaki ya mchana kwa bei ile ile.

Historia ya kazi ina kumbukumbu ndefu ya mambo haya. Neno posho wengi wetu tunalijua kama pesa ya ziada, na Waganda wanalijua kama ugali. Lakini hapo zamani lilikuwa chakula, unga aliopimiwa mpagazi na kibarua wa mkonge kuwa sehemu ya ujira wake. Kipimo kilikuwa mkononi mwa msimamizi. Waingereza, ambao nao walikuwa na mashamba hayo katika Afrika Mashariki, kwao walikuwa na sheria ya mwaka 1831 iliyokataza wafanyakazi wa kazi nyingi kulipwa kwa bidhaa badala ya pesa. Na mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 95 wa kulinda mishahara. Mkataba huo unasema kwamba sehemu ya mshahara ikilipwa kwa vitu, vitu hivyo viwe vya kumfaa mfanyakazi na jamaa yake, na thamani yake ihesabiwe kwa haki. Kwamba mfanyakazi asilazimishwe kutumia duka la mwajiri. Na kwamba pale pasipo duka lingine karibu, bei iwe ya haki au duka liendeshwe kwa faida ya wafanyakazi. Wenzetu wa mashamba ya chai wanaokaa mbali na soko wausome vizuri huu wa mwisho, maana unawahusu wao kuliko sisi wa mjini.

Basi mahali palipo na chakula cha kampuni, tawi liulize mambo haya kwa maandishi: sahani moja inakatwa faranga ngapi na mwajiri anaongeza ngapi, nani anahesabu walaji, na kama daftari lake linaonekana, siku asiyokuwepo mtu inakatwa au haikatwi, na kama mfanyakazi anaweza kusema sitaki, nitakuja na chakula changu, bila kutazamwa vibaya. Aidha ichaguliwe kamati ndogo ya chakula, wawili au watatu, mmoja wao awe wa zamu ya usiku na mmoja awe mwanamke, nao wafike jikoni bila taarifa mara moja kwa mwezi. Wapime kijiko cha kupakulia. Tunajua jikoni ambamo bei haikubadilika mwaka mzima, ila kijiko kilibadilishwa mara mbili.

Wanachama ambao mishahara yao imekatwa chakula cha siku ambazo hawakuwepo kazini, wamletee mjumbe wa tawi karatasi ya mshahara pamoja na kadi yenye alama, kabla ya hesabu za mwezi unaofuata kufungwa.